Hakimu Hapokei Maandazi

Bi. Aniela Galica aliingia chumba cha mashauri amekumbatia boksi jeupe kifuani, na Hanka, kwenye kiti cha hakimu, alipomwona tu alijua siku yake imeharibika.

Hakuwa na haja ya kuuliza mle boksini mna nini. Ilikuwa Alhamisi Nono, ile ya mwisho kabla ya Kwaresima, na Wapolandi wote wa Chicago walikuwa na sukari ya unga kwenye makoti yao. Watu walijipanga foleni kwenye maduka ya mikate ya barabara ya Archer kabla hakujapambazuka, wakatoka na maandazi ya jemu ya kulisha kikosi. Hata karani wake, Denise, ambaye hana tone la damu ya Kipolandi, alikuwa na jemu kidevuni na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kilichomkata Hanka pumzi hakikuwa maandazi, ni aliyeyabeba. Mwaka mzima na ushei mama huyu hakuwahi kumpa hata glasi ya maji kwa moyo mweupe. Kila mpenzi wake Witek alipompeleka kwao, Bi. Aniela alimwita "hakimu" kwa ile sauti ambayo watu huitumia kutaja maradhi. "Mwanamke anayelipwa kuhukumu watu," alishawahi kusema mbele ya ukoo mzima, "akirudi nyumbani ataacha? Mwanangu atakuwa mshitakiwa mpaka kaburini." Na leo huyo hapo, kajifunga kitambaa cha maua mekundu cha milimani kwao, kile cha kanisani, anatabasamu.

"Jiji dhidi ya Bachleda," Denise akasoma. "Kuzuia barabara."

Hapo Hanka akaelewa. Tangu mwezi wa kwanza wa mapenzi yake na Witek alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wakubwa na kuwaambia: shauri lolote lenye jina la Galica lisifike mezani kwangu. Makarani walikuwa waangalifu. Ila nyumba ya Bi. Aniela ilibaki kwenye jina la marehemu baba yake, mzee Bachleda, na hakuna aliyekumbuka kulichuja hilo. Kosa lenyewe lilikuwa la kila mwaka mjini humo. Theluji ikianguka, ukichimbua nafasi ya gari mbele ya nyumba yako unaweka kiti katikati yake, na mwenye akili timamu hakisogezi. Sheria ya jiji haikitambui kiti hicho. Bi. Aniela, ili kumaliza ubishi, alikuwa amemkalisha kitini Bikira Maria wa plasta, na mkaguzi aliyeandika notisi ya faini inasemekana alipiga ishara ya msalaba kwanza.

"Binti yangu!" Bi. Aniela akaita kwa furaha, akapita meza ya wahusika, akalitua boksi mbele ya Hanka, kando ya kipaza sauti. "Nimekaanga mwenyewe, si ya dukani. Kula yangali moto. Hawa watasubiri, hawana haraka."

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hanka hakucheka. Binti yangu. Neno hilo alilingoja kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kukiri, na lilipofika lilimchoma, kwa sababu lilikuwa limefika mahali ambapo hakuruhusiwa kulipokea.

Alifundishwa. Kabla hajapewa chumba, alikaa miezi nyuma ya wasikilizaji wa mashauri wa zamani, hao mahakimu wa muda wa jiji, akiwa amefunga mdomo, akijifunza namna ya kumwacha mtu amalize. Akapitishwa kwenye mashauri ya maigizo, wakufunzi wakimlilia, wakimtukana, wakimsukumia zawadi kuona atafanyaje. Walimfundisha kukataa kahawa, kukataa kalamu, kukataa hata baraka za padri kama padri ana notisi ya majani marefu. Hakuna aliyemfundisha kumkataa mama mkwe.

"Bi. Aniela," alisema. "Tafadhali, chukua boksi lako."

"Chukua wapi? Yako haya."

"Siwezi kuyapokea hapa."

"Basi weka chini ya meza, utakula ukitoka."

Watu wakacheka tena. Hanka alinyoosha mkono, akalisogeza boksi taratibu mpaka ukingoni mwa meza, upande wa yule mama. Kisha akainamia kipaza sauti, maana taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka, na kila kinachosemwa chumbani humo hubaki.

"Iingie kwenye kumbukumbu," alisema, "kwamba mhusika ameleta zawadi ya chakula na sikuipokea. Iingie pia kwamba mhusika ni mama wa mwanamume ninayempenda, na ambaye nimekubali anioe. Kwa sababu hiyo siwezi kusikiliza shauri hili. Najitoa. Litasikilizwa leo hii katika chumba kingine."

Halafu dereva mmoja wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake akapiga mluzi. "Hongera, mheshimiwa! Harusi lini?"

Lakini Hanka alikuwa akimtazama Bi. Aniela, na alichokiona usoni pake hakikuwa hasira ya maandazi.

"Akuoe?" mama yule aliuliza polepole. "Nani kasema anakuoa?"

Ndipo Hanka alipojua kwamba Witek hakuwa amemwambia. Alimposa Hanka mwaka mpya, akaapa kwamba Jumapili ile ile angemweleza mama yake. Jumapili zikafuatana. "Nimemdokeza," alikuwa akisema. "Anajua, ila hajui kwamba anajua." Na sasa mama mzazi alikuwa amepata habari za ndoa ya mwanawe kwenye kipaza sauti cha serikali ya jiji, mbele ya dereva wa lori.

"Mama, nilidhani..."

"Usiniite mama umeshika nyundo ya hakimu mkononi."

Hanka hakuwa na nyundo. Wasikilizaji wa mashauri hawapewi. Bi. Aniela akachukua boksi lake, akalibana kwapani, akatoka ameinua kichwa, na mlango ukajifunga nyuma yake bila kelele.

*

Mchana huo Hanka alipanda mwenyewe kwa hakimu mkuu, Bi. Whitlock, kabla hajaitwa. Alieleza yote: boksi, jina la Bachleda, mama, Witek. Hakupunguza neno.

Bi. Whitlock alikuwa mama mmoja mkavu, mwenye miwani ya mnyororo, aliyeanza kazi kwa kusikiliza mashauri ya mbwa wasiofungwa na sasa aliongoza mahakimu wote wa jengo lile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa hiyo.

"Ungeweza kunyamaza," alisema. "Ungesema tu mnafahamiana, ukajitoa, basi. Kwa nini ulitangaza mapenzi kwenye kinasa sauti?"

"Kwa sababu ndiyo sababu yenyewe."

Bi. Whitlock nusura atabasamu. Kisha akavua miwani. "Jumatatu unaapishwa. Unalijua hilo. Unaacha vipindi vya kulipwa kwa siku, unakuwa hakimu kamili. Kiti ulichoomba ni cha mashauri ya majengo."

"Ndiyo."

"Na huyu bwana ni fundi paa. Ana kampuni na kaka yake. Nusu ya mafundi wa mji huu wanajuana, wanagombana, wanakopeshana ngazi. Hakuna siku utakayokaa kwenye kiti cha majengo usimwone mtu aliyekula naye. Mnaoana kweli?"

Swali liliulizwa kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtisha Hanka. Alijua jibu jepesi lilikuwa lipi. Angesema bado tunafikiria. Angesema ni mapema. Angekaa kwenye kiti alichokitamani tangu akiwa msichana, ule mwaka tanuri la kupasha joto ghorofa yao lilipokufa katikati ya baridi na mwenye nyumba akawaambia wavae soksi mbilimbili. Baba yake, fundi rangi asiyejua Kiingereza hata cha kujaza kijiko, alisimama mbele ya msikilizaji wa mashauri na kueleza kwa mikono, na yule mtu alimwacha amalize. Siku ya pili tanuri likawaka. Kwa ajili ya siku hiyo Hanka alibeba masinia kwenye ukumbi wa harusi usiku na kusoma sheria asubuhi, akafungua kiofisi juu ya duka la soseji akitetea watu wenye notisi za takataka, akaingia jengo hili kwa vipindi, akapanda ngazi moja moja.

"Tunaoana," alisema.

"Basi kiti cha majengo siwezi kukupa. Nina kiti cha usafi. Panya, majani, mapipa. Wengi hawakitaki. Hutakuwa na jina, na utanuka mapipa mpaka kwenye ndoto."

"Kiapo ni kile kile?"

"Neno kwa neno."

"Nakichukua."

Alipofika kwenye lifti alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akajifuta uso na kiganja na kushuka.

*

Jumapili Witek alimngoja barazani kwa mama yake, hana kofia, masikio mekundu. Alikuwa mwanamume mkubwa mwenye mabega ya kubeba mbao, na macho ya kijani ambayo yalimfanya Hanka asahau alichotaka kusema. Hata leo, akiwa amemkasirikia hivyo, alipoyatazama moyo wake ulipiga hatua mbele yake. Aliuchukia moyo wake kidogo.

Alimpenda kwa sababu ya ajabu. Walipokutana mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, Witek alikuwa mbele yake na notisi ya kontena la taka la ujenzi. Alijitetea vizuri, akashindwa, akasema, "Nimeelewa, mheshimiwa," na kuondoka. Hawakuonana tena mpaka harusi ya binti wa jirani, alipokuja mezani kwake na kumwambia, "Wewe ndiye mwanamke wa kwanza kuniacha nimalize kusema, kisha ukaniambia nimekosea. Twende tukacheze."

"Mama yako yumo ndani," Witek alisema sasa. "Na Stach. Hanka, nakuomba kitu kimoja. Mwambie mama yangu samahani. Neno tu. Yaishe, tule."

"Samahani ya nini?"

"Ya yale."

"Yale yapi, Witek? Ya kwangu au ya kwako?"

Akashusha macho. Hanka akampita, akaingia.

Meza ilikuwa imejaa. Supu ya kuku ilikuwa ikifuka mvuke, tambi nyembamba zikiogelea, na nyama za kukaanga zilifunikwa na kitambaa. Mama yake Hanka, Bi. Ludwika, alikuwa amealikwa, naye alikuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari. Stach, kaka mkubwa wa Witek, alisimama kumpa kiti.

"Karibu, shemeji. Au nikuite mheshimiwa? Niambie nisije nikapigwa faini ya kukaa vibaya."

"Kaa tu, Stach. Leo sipo kazini."

"Wewe hukosi kazini," Bi. Aniela alisema kutoka jikoni. Akaja na sufuria ya pili, akaiweka mezani kwa kishindo. Hakumtazama Hanka. "Kuleni. Supu haina kosa."

Wakala. Kisha Bi. Ludwika, ambaye hakuweza kamwe kuvumilia kimya, akakohoa.

"Hanka, mwanangu. Mama mwenzangu hapa ameumia. Wewe ni mdogo. Ungesema tu neno."

"Neno gani, mama?"

"Lile ambalo watu wote husema!"

"Alinirudishia chakula," Bi. Aniela alisema, bado akizungumza na supu. "Alfajiri nimeamka, nimekanda, nimekaanga, nimejaza jemu niliyoipika mwenyewe wakati wa kiangazi. Hata mzoa taka nampa Alhamisi Nono. Hata yule mpumbavu wa ng'ambo anayeninyang'anya nafasi ya gari nampa. Yeye akakisukuma kwa kidole. Hivi." Akasogeza kikombe cha Stach kwa ncha ya kidole. "Wote wakacheka."

"Walicheka wewe uliposema niweke chini ya meza," Hanka akasema.

"Hanka!" mama yake akanong'ona.

"Na kesi yenyewe nimeshindwa," Bi. Aniela akaendelea. "Wamenipeleka kwa kijana mmoja hana nywele. Alinipiga faini kabla sijafika kwenye habari za Bikira Maria." Sasa akainua macho, akamtazama Hanka moja kwa moja. "Wewe ungenisikiliza?"

"Ningekusikiliza mpaka mwisho."

"Halafu?"

"Halafu ningekupiga faini."

Stach alipaliwa na supu, akageuka upande, mabega yakimtikisika. Witek akafunga macho. Bi. Aniela hakucheka, ila kitu kidogo kilipita kwenye mdomo wake na kutoweka.

"Ningeilipa kwa niaba yako nikitoka pale," Hanka akaongeza, "lakini ningekupiga."

"Unasikia?" Bi. Aniela akamgeukia Witek. "Huyu ndiye unayemtaka? Mimi nilikwenda kule kwa miguu yangu. Faini ningeweza kuilipa kwa posta, kila mtu analipa kwa posta. Nilikwenda nimwone. Nilijiambia, Aniela, umri umekwenda, acha ukaidi, kamwone huyo mwanamke akiwa kazini, mpelekee kitu cha mkono. Nikaenda." Akasukuma sahani yake kando. "Sasa sikilizeni. Mimi ni mwenye nyumba hii. Anayetaka kuingia humu kama mke wa mwanangu aombe radhi hapa, mezani, na hicho kiti akiache. Wanawake wa kwetu wanafanya kazi, sikatai. Lakini nyumba haitaki hakimu. Achague."

Hapo Bi. Ludwika akamshika Hanka mkono chini ya meza na kuuminya, na Hanka akaelewa kwamba mama yake mwenyewe, aliyempigia makofi katika kila hatua, alikuwa anamwomba ashuke. Jambo hilo lilimuuma kuliko ile amri.

Akautoa mkono wake taratibu, akasimama.

"Bi. Aniela, umesema, na mimi nimekusikiliza. Sasa na mimi nisikilizwe." "Kwamba ulipata habari za mwanao mbele ya watu wasiokuhusu, kwa hilo nasikitika, na nasikitika tangu Alhamisi. Sikujua kwamba hujui. Lakini kwa boksi siombi radhi. Leo wala kesho. Ningelipokea, kila aliyekuwa kwenye mabenchi yale asiye na mama wa kumkaangia angejua kwamba kwangu kuna njia ya mlangoni na njia ya jikoni. Baba yangu aliwahi kusimama pale hana kitu mkononi na akapewa haki yake. Siwezi kumwambia mtu kama baba yangu kwamba alikosea kuja bila maandazi."

Bi. Ludwika akaficha mdomo kwa leso.

"Na kuchagua," Hanka akasema, "sichagui. Kesho naapa. Baada ya Pasaka naolewa. Mnaweza kukasirika siku zote mbili. Nitakuwa hakimu na nitakuwa mke, na nikirudi nyumbani nitavua viatu kama watu wote." Akamgeukia Witek. Alijitahidi sauti yake isibembeleze. "Witek. Una la kusema?"

Witek alimtazama yeye, akamtazama mama yake, akaitazama supu. Alifungua mdomo. Stach alimpiga teke chini ya meza, ilisikika.

"Tungemaliza kula kwanza," Witek akasema.

Hanka akachukua koti lake.

*

Nje jua lilikuwa kali na baridi ilikuwa inakata. Majirani walikuwa wakisukuma theluji mbele ya nyumba zao, wakiitana kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Hanka alikuwa ameshafika kwenye gari lake aliposikia viatu vikikimbia nyuma.

"Hanka! Subiri!"

Alikuwa Witek, hana koti. Alikuwa bado na leso ya mezani shingoni.

"Rudi ndani, Witek. Supu itapoa."

"Nilikosa neno. Unanijua, mimi kwa maneno..."

"Mbele yangu uliwahi kujitetea kwa ajili ya kontena la taka. Kwa robo saa! Ulikuwa na picha, ulikuwa na vipimo. Kwa kontena!" Sauti yake ilipasuka, na jirani wa karibu akaacha kusukuma theluji. "Kwa ajili yangu hukuwa na sentensi moja."

"Nakupenda," akasema chini kwa chini, akitazama huku na huku.

"Mimi najua unanipenda. Siyo mimi niliyekuwa sijui." Akamsogelea, karibu kiasi cha kuona pumzi yake. "Unajua nilichokifanya Alhamisi? Nilisema nakupenda kwenye mashine ambayo haifuti. Jina langu, kazi yangu, watu wameketi. Kisha nikapanda juu nikaulizwa, mnaoana kweli? Nikasema ndiyo. Na kiti cha majengo kikaondoka, Witek. Pale pale. Kwa sababu ya ngazi zako na nyundo zako. Kesho naapa kwenda kusikiliza habari za panya."

Alimwona akibadilika rangi. "Hukuniambia."

"Nakuambia sasa. Sijutii. Ningelisema tena. Sikuombi uache kuezeka mapaa, sikuombi ugombane na mama yako. Mimi nimekuweka mezani mbele ya kila mtu, nikalipa. Wewe umeweka nini?"

Baridi ilimtoa Witek machozi, au haikuwa baridi. Nyuma yake mlango wa nyumba ulifunguka, na Bi. Aniela akatoka barazani, shali mabegani, Stach na Bi. Ludwika wakichungulia kwapani mwake.

"Witek!" akaita. "Ingia ndani! Utapata homa ya mapafu!"

Maisha yake yote Witek, akiitwa hivyo, aliingia ndani. Hanka alimwona akianza kugeuka, kwa mazoea tu, kama mguu unaojua njia. Kisha mguu ukasimama.

"Siingii, mama," akasema.

"Nini?"

"Nimesema siingii!" Sauti yake ilikuwa ile ya juu ya paa, ya kuitana na watu walio chini, na mtaa mzima ukageuka. "Namuoa Hanka! Nilimposa mwaka mpya, na yeye akakubali, na mimi nikaogopa kukuambia! Siyo yeye aliyekuaibisha, ni mimi! Na kesho anaapishwa, na mimi nakwenda, na kazi ya paa la kanisa itasubiri! Na haachi kiti chochote!"

Yule jirani wa ng'ambo, mpumbavu wa kunyang'anya nafasi, akapiga makofi kwa glavu zake nene. Hakuna aliyemfuatisha.

Bi. Aniela alishika ukingo wa baraza. Hanka alijiandaa kwa matusi. Alijiandaa hata kwa machozi. Ila yule mama alipozungumza hakupaza sauti, na ilibidi wote wanyamaze ili wamsikie.

"Nilishasikia," alisema. "Alhamisi, kutoka kwenye mashine. Nimekaa siku zote hizi nangoja kusikia kutoka kwako."

Witek alisimama palepale kwenye theluji, mikono imening'inia. Hanka alitamani kumshika. Hakumshika. Hilo lilikuwa kati ya mama na mwana, na yeye alijua vizuri kuliko wote mtaani pale ni wakati gani wa kujitoa.

Akafungua mlango wa gari.

"Hanka," Bi. Aniela akaita. Lilikuwa jina lake, kwa mara ya kwanza kinywani mwa mama huyo. "Hicho kiapo. Ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Wanaruhusu watu kuingia?"

"Mlango uko wazi kwa kila mtu." Hanka akawasha gari, akashusha kioo, akawatazama wawili wale, mmoja barazani na mmoja katikati ya barabara, na sauti yake ilitoka ile ile ya chumba cha mashauri. "Ila msichelewe. Asiyefika, tunaendelea bila yeye."